Waalimu Washuke Basini, Hata Mvua Ikinyesha

Imekuwa desturi katika vyama vya waalimu wa Kiswahili vya nchi hizi za bara, jirani za pwani, kupanga safari za masomo katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Sababu itolewayo aghalabu ni moja: wakati huo hakuna mvua. Basi hukodiwa, waalimu na wanafunzi wakapakiwa, wakapelekwa katika mji wasioujua, wakazungushwa kutoka jengo moja hadi jingine, na kila mahali wakashuka kwa dakika kumi ili wapigwe picha. Wingu likitanda ghafla, kiongozi wa safari huamuru watu warudi garini, madirisha yafungwe, na mji utazamwe kupitia kioo chenye ukungu. Jioni huandikwa taarifa kwamba mji umetembelewa.

Sisi twasema haukutembelewa, ulipitwa. Kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba neno "kutembelea" latokana na "kutembea", na katika safari ya namna hiyo kilichotembea ni magurudumu peke yake. Twaandika kurasa hizi kuipinga desturi hiyo waziwazi, na twaomba waalimu wenzetu watuwie radhi iwapo maneno yetu yatakuwa makali. Rai yetu ni hii: mji wa ugenini hujulikana kwa miguu, na kwa mtu anayefundisha au kujifunza lugha, siku ya mvua ina faida kuliko siku ya jua. Mvua huufichua mji jinsi ulivyojengwa, kisha huwakusanya wapita njia chini ya paa moja, mwenyeji na mgeni, wakalazimika kusemezana.

Kwanza na tukumbuke Kiswahili kilifikaje kwetu. Hakikuja kwa basi. Kilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwa misafara ya miguu, kikapita Tabora, kikafika Ujiji, kikavuka ziwa na kuingia Manyema. Burton na Speke walipotoka Unguja mnamo Juni 1857, msafara wao ulifika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858. Ni miezi minane, na ndani yake mlikuwa na majira ya mvua. Wapagazi walilowa, wakakauka, wakalowa tena, na maneno yao yakabaki vijijini walikolala. Hatuisifu biashara ile, kwani sehemu yake kubwa ilikuwa pembe na watumwa, na wengi waliotembea katika njia ile hawakutembea kwa hiari. Lakini haifai warithi wa lugha iliyobebwa mabegani kwa mwendo wa miezi waogope kutembea nusu saa kwa sababu ya manyunyu.

Hata maandishi ya lugha hii yana alama za nyayo. Kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1901, kina habari za watu wa pwani waliokwenda bara, na mmoja wao, Selim bin Abakari, alifika mpaka Urusi na Siberia. Na kabla yao, Ibn Battuta alipopita Mombasa mnamo 1331, miongoni mwa mambo aliyoona yafaa kuandikwa ni miguu ya watu: kwamba walitembea pekupeku, na kwamba aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu yake kwanza. Msafiri aliyeona haya alikuwa chini, pamoja na watu. Kutoka juu ya kiti cha basi miguu ya watu haionekani.

Sasa na tuitazame miji yenyewe, tuone mvua inafundisha nini ndani yake. Twachagua mitatu: mmoja wa pwani na miwili ya kwetu bara.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kila mwanafunzi wetu huonyeshwa baraza. Mwalimu husimama mbele ya nyumba, akanyosha kidole kwenye kile kiti kirefu cha mawe kilichoshikamana na ukuta, akasema: hapa watu hukaa na kuzungumza. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwanafunzi huyo laiti angalipita katika vichochoro vile wakati wa masika, mvua ikiwa imejaa na maji yakishuka kati ya nyumba kama mto mwembamba, angaliona watu wakipanda juu ya mabaraza na kuyafanya njia, wakipita kutoka mlango hadi mlango bila kukanyaga maji. Baraza ni kiti, na siku ya mvua ni daraja. Tena angaliuliza kwa nini upande mmoja wa mji huitwa Darajani ilhali haoni daraja, na mzee yeyote aliyejikinga mvua karibu naye angalimweleza kwamba zamani hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hapo palikuwa na daraja, mpaka hori lilipofukiwa katika karne ya 20. Ndipo na jina la Ng'ambo nalo lingalimfungukia, kwa kuwa pasipo maji ya kuvuka hapana ng'ambo. Majina mawili ya mahali yangaliingia kichwani mwake kwa siku moja, na yasingalitoka.

Kampala ni mji wa vilima. Haya twayafundisha, na watoto huimba majina: Mengo, Rubaga, Namirembe, Kibuli, Nakasero, Kololo. Lakini anayepanda gari kutoka kilima hadi kilima hubaki na picha ya misikiti, makanisa na minara, asijue kwamba mji huo ni mabonde vilevile. Mvua ya saa moja yatosha kumfundisha. Maji yote ya Nakasero na ya vilima jirani hutafuta njia moja, nayo ni mfereji wa Nakivubo, upelekao maji hata ghuba ya Ziwa Viktoria. Kwingineko maji huteremka hadi Bwaise, nyumba zikaingiwa na maji mpaka vitandani. Mwenye miguu huona kwa macho yake kwamba tajiri amejenga juu na maskini amejenga chini, na kwamba maji ya mmoja humshukia mwingine. Akirudi darasani na kulitaja neno "bondeni", atakuwa ameliona.

Bujumbura nayo imekaa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na mito ishukayo milimani hupita katikati ya mitaa yake. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua iliangusha nyumba za udongo katika mitaa ya kaskazini, na watu zaidi ya 60 wakafariki. Twataja jambo hili makusudi, ili asiwepo atakayedhani kwamba tunaisifu mvua kama mtu aliyekaa verandani na kikombe cha chai. Lakini katika mji huohuo upo mtaa wa Buyenzi, wenye barabara zilizonyooka na kuhesabiwa kwa namba, wenye misikiti na karakana za mafundi magari, na huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Ni watu wangapi miongoni mwa waalimu wetu, wanaosafiri siku mbili kwenda kusikiliza Kiswahili baharini, waliowahi kusimama chini ya bati la fundi wa Buyenzi, mvua ikinyesha, wakasikiliza? Mwalimu anayedai kwamba Kiswahili chenye uhai kipo pwani tu hajapata kunyeshewa mahali panapofaa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sisi ni waalimu wa lugha, si wapima mitaro. Faida kubwa ya mvua kwetu ni kwamba huwasimamisha watu. Siku ya jua mji wa kigeni humpita mgeni kwa haraka: kila mtu ana safari yake, na aulizaye njia hujibiwa kwa mkono. Mvua ikimwagika, mwenye mzigo, mwenye baiskeli, mama aliyebeba mtoto, mwanafunzi, askari na mgeni wote hujibanza upenuni pamoja. Mwenye duka husema, "Sogeeni ndani, msilowe." Mwingine husema, "Poleni na mvua." Mwendesha bodaboda, ambaye saa ile hana abiria, huanza habari. Katika miji yetu ya leo hata kituo cha petroli kimekuwa baraza, kwani paa lake ni pana na pikipiki zote hukimbilia hapo. Hapo mgeni anaweza kusikiliza nusu saa nzima bila kuonekana mdadisi, naye akisema neno hujibiwa, maana wote wana jambo moja la kuzungumza.

Na jambo hilo moja, tazameni jinsi linavyosemwa. Kitabu chetu cha darasa kina sentensi: "Mvua inanyesha." Mwanafunzi huikariri, akapewa alama. Akifika Nairobi atasikia, "Kunanyesha." Akivuka kwenda mashariki ya Kongo atasikia, "Mvula iko inanyesha." Akikaa na wazee wa pwani atasikia, "Mvua yanya," neno ambalo darasani huogopwa kwa sababu ya maana yake nyingine, ingawa ni la heshima na la kale. Je, sentensi hizi tatu ni makosa? Kwa mtihani huenda mbili kati yake zikatiwa wino mwekundu. Lakini mwalimu asiyezijua hawezi kumweleza mwanafunzi kwa nini "kunanyesha" hutumia ku- ya mahali, wala "iko inanyesha" imejengwaje, wala kwa nini "yanya" ina wakati wa -a-. Anachoweza ni kukataza tu. Kukataza bila kueleza si kufundisha.

Twende mbele. Twawapa wanafunzi wetu orodha ya vitenzi vya kupindua maana, navyo wao huvimeza kama dawa: anika na anua, ezeka na ezua, funika na funua. Mtu aliyekuwa uani mvua ilipoanza, akasikia sauti ya mama ikiita, "Anueni nguo!" na watoto wote wakakimbia kambani, huyo hahitaji orodha. Aliyeona upepo wa mvua ukiezua bati la kibanda ameuelewa mnyambuliko huo katika maisha. Halikadhalika kulowa, kutota, kunyeshewa, kuvuja, kuchuruzika, kujikinga, rasharasha, utelezi, chepechepe. Ni maneno ya kila siku ya watu wenye lugha, na kwetu yamekuwa msamiati wa mtihani kwa sababu sisi huwapeleka watoto wetu mjini jua likiwaka tu.

Kuna na majira yenyewe. Twafundisha masika na vuli kana kwamba ni majina ya sayari. Mtoto wa Buganda ana toggo na ddumbi zake. Mtoto wa Rwanda ana itumba na umuhindo. Mwalimu aliyetembea katika masika ya pwani na katika mvua ya kwao anaweza kuyaweka maneno haya bega kwa bega, akaonyesha mvua zipi hukutana na zipi hupishana. Yule aliyesafiri kiangazi tu hana cha kulinganisha ila kalenda.

Tunajua tutakavyopingwa, nasi twajibu mapema.

Wa kwanza watasema kwamba mvua huharibu viatu na kuleta homa. Hawa hatuna maneno mengi nao. Kuna miavuli, kuna kandambili, kuna nguo za kubadili. Wenyeji wa mji huo wanakwenda sokoni na kazini kila siku ya mvua, nao ni binadamu kama sisi.

Wa pili watasema kwamba mwalimu aliyelowa, suruali imekunjwa na tope miguuni, hupoteza hadhi yake, na pamoja nayo hadhi ya somo. Hoja hii yatuchukiza zaidi, kwa kuwa imetuletea hasara kubwa. Nchini Uganda, ambako mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi, kilibaki kwa miaka mingi kikidharauliwa kuwa ni lugha ya askari na wahuni. Mwaka 2005 kikaingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Bunge la Rwanda nalo lilipitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hizi ni habari njema. Lakini tumeziitikia kwa kukimbilia upande wa pili: sasa twataka Kiswahili kivae tai, kikae hotelini, kisemwe katika warsha. Lugha iliyodharauliwa kwa kuwa ya watu wa barabarani haitaokolewa kwa kutengwa na watu wa barabarani. Itaokolewa mtoto akisikia kwamba dereva wa lori atokaye Mombasa, mchuuzi wa Kongo na fundi wa Buyenzi huzungumza kwa adabu, kwa mzaha na kwa akili katika lugha hiyohiyo anayofundishwa darasani. Hilo hulisikia upenuni.

Wa tatu watataja hatari, na hawa twawasikiliza kwa heshima. Mafuriko huua, tumekwisha kutaja ya 2014. Kwa hiyo twasema wazi: asitembee mtu katika radi, asisimame chini ya mti, asivuke maji yaendayo kasi hata yakiwa ya kifundoni, asishuke katika mfereji, asiende mahali ambapo mwenyeji amemwambia asiende. Mvua tunayoisemea ni ile ambayo wenyeji nao wanatembea ndani yake. Wakikimbia, kimbieni. Wakijikinga, jikingeni pamoja nao, maana tumekwisha sema kwamba kujikinga ndilo somo lenyewe.

Wa nne wana hoja nzito kuliko zote. Watatuuliza: je, si ufidhuli mgeni kuifanya shida ya mwenyeji kuwa somo lake? Mtu anakomba maji ndani ya nyumba kwa ndoo, nawe umesimama mlangoni na daftari? Twakubali kwamba ni ufidhuli, tena mkubwa. Kwa sababu hiyo twataka kamera ziachwe na daftari lifungwe mpaka jioni. Anayekuta mwenye nyumba akikomba maji ana mambo mawili tu ya kufanya: ashike ndoo ya pili, au apite zake. Lakini twawauliza nao: kutazama shida hiyohiyo kupitia dirisha la basi lililofungwa, bila salamu, bila pole, hilo laitwaje? Mgeni aliyelowa pamoja na watu ameshiriki japo kidogo. Aliyekaa garini ametazama tamasha.

Wa tano watasema kalenda ya shule haituruhusu. Si kweli. Likizo fupi za Aprili na Mei huangukia katika masika, na likizo ya Desemba huanza vuli ikiwa haijaisha. Tumezikwepa kwa hiari yetu.

Basi tunapendekeza haya kwa vyama vyote, nasi tutayatetea katika mikutano yetu. Kwanza, safari moja katika kila mbili ipangwe katika majira ya mvua. Pili, siku ya kwanza katika mji wowote isiwe na basi: watu wagawanywe wawili wawili au watatu watatu, pamoja na mwenyeji mmoja mwenye kuujua mji, watembee mpaka wajue maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Tatu, kila mshiriki aandike jioni ukurasa mmoja wa maneno aliyoyasikia, kama alivyoyasikia, na jina la mtaa alimoyasikia, asiyarekebishe. Nne, miji ya bara iingizwe katika ratiba: anayetoka Kampala aende Bujumbura, anayetoka Kigali aende Kampala, na miji ya Kivu nayo iingizwe siku ambayo amani itawaruhusu watu wake na wageni wao kutembea bila hofu. Pwani tutaendelea kuiendea, kwa mapenzi na kwa shukrani, lakini si peke yake. Tano, fedha iliyozoea kukodi basi la mjini inunue miavuli. Itabaki.

Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hawakusema aende kwa chombo gani, wala hawakumwambia angoje jua. Lakini anayeokota huinama, na mtu hawezi kuinama akiwa ameketi nyuma ya kioo.

Waalimu wenzetu ambao hawakubaliani nasi na waandike. Tutafurahi kuwasoma, hasa wale waliojaribu kwanza. Tungewaomba tu kwamba kabla ya kushika kalamu wachague mji mmoja wasioujua, wangoje mawingu yakusanyike, kisha washuke basini.